Mwanamume Mwenye Nyumba

Kosa lilikuwa la Weris mwenyewe, na ndiyo maana hakuwa na wa kumlaumu. Siku alipokwenda Huduma Centre kuandikisha ombi la nyumba za serikali, zile ghorofa zilizokuwa zikijengwa pembeni mwa mji wa Garissa, kijana wa dirishani alimwuliza, "Kitambulisho cha mkuu wa familia?" Weris alikuwa na vitambulisho viwili mkobani, chake na cha mumewe. Akatoa cha Salah. Hakufikiria hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe.

Miaka mitatu ikapita. Katika miaka hiyo Weris aliuza mikate ya anjera na maini ya mbuzi mkabala na ofisi za kaunti, na karani yeyote wa pale atakuambia kwamba kikao cha asubuhi kilikuwa hakianzi mpaka watu watoke kwake. Mradi ule ulikuwa na jambo moja jema: amana ya kwanza uliweza kuiweka kidogo kidogo, kwa simu, kadiri ulivyopata, mpaka ifike sehemu ya kumi ya bei ya nyumba. Basi kila jioni binti yake Ifrah alishika simu, Weris akataja kiasi, pesa zikaenda. Wiki nyingine zilikuwa pesa za kuchekesha. Lakini zilikwenda.

Salah naye hakukaa kitako. Alikuwa dereva wa lori, akipandisha unga na sukari hadi Modogashe na Habaswein na kurudi na mbuzi, na kodi ya nyumba waliyopanga pamoja na karo ya Ifrah vilikuwa juu yake. Na jambo la riba ni yeye aliyelishughulikia. Alimpelekea sheikh wa msikiti wao karatasi zote, sheikh akakaa nazo Ijumaa mbili, kisha akamwonyesha mpango uliomridhisha, ule wa benki kuinunua nyumba na kuwauzia wao kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo, walipe kila mwezi. Hapo Weris akapumua. Nyumba nzuri yenye haramu ndani yake asingeiingia hata kwa kuburutwa.

Ujumbe ulipofika kwamba wamepata nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ulifika kwa jina la Salah. Mkataba ungetiwa sahihi Alhamisi. Salah akavimba kichwa, na nani angemlaumu? Madereva wenzake walianza kumwita mwenye nyumba, naye akawa anaitika kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea.

Weris alifurahi. Alifurahi kweli, alilia mbele ya kikaango mpaka wateja wakadhani ni moshi. Lakini ndani ya furaha kulikuwa na mwiba, nao ulikuwa dada yake. Saado alipoachwa na mumewe, papa hapa Garissa, alitoka kwenye nyumba aliyoifagia miaka kumi na mmoja akiwa na begi la nguo na chupa ya chai, kwa sababu mwenye kupangisha alimjua mume tu. Mama yao alipoachwa, kule malishoni, mambo yalikuwa tofauti. Baba ndiye aliyeondoka, na fimbo yake. Nyumba ilibaki na mama. Ilikuwa aqal, nyumba ya mviringo ya fito na mikeka, na aqal ni mali ya mwanamke: yeye ndiye anayesuka mikeka, anayekunja fito, anayeijenga na kuibomoa na kuipakia ngamia siku ya kuhama. Weris alimpenda Salah wala hakumwona akimwacha. Lakini Saado naye hakuwa ameona.

Alitaka jina lake liwe kwenye ile nyumba. Alilitaka usiku na mchana. Na mara kumi alifungua mdomo amwambie Salah, na mara kumi akauliza kama anataka chai.

Jumanne akashuka Lul, mama yake Salah, kutoka upande wa Habaswein, amekuja kutibiwa magoti. Lul alikuwa mzee mwembamba, mkavu, mwenye maneno machache ambayo hayakuwa na simile. Kesho yake Salah akamchukua kwa tuktuk kwenda kuonyeshwa jengo, Weris na Ifrah wakiwa nyuma pamoja na mito ya magoti.

Walisimama chini, kwenye vumbi la saruji. Salah akanyoosha kidole kumwonyesha mama yake. "Ile pale, Hooyo. Ya tatu kwenda juu."

Lul alitazama muda mrefu, kisha akamgeukia Weris. "Mlango umeuelekeza wapi?"

"Umeelekea kwenye ngazi, Hooyo."

"Na upepo wa vumbi ukija? Mbona ukachagua juu hivyo?"

"Sikuchagua mimi. Ni ya Baba Ifrah."

"Nini ya Baba Ifrah?"

"Nyumba. Imeandikwa kwa jina lake."

Lul alidhani anataniwa, akatabasamu kidogo kwa adabu. Alipoona hakuna anayecheka, tabasamu likaondoka. Akamtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka kofia.

"Salah. Umeachwa?"

"Hapana, Hooyo."

"Basi nyumba ya nini? Mwanamume ana ngamia, ana mbuzi, ana gari. Nyumba anayo mkewe. Mwanamume mwenye nyumba ni mwanamume asiye na mke. Nikirudi wakiniuliza, niwaambie nini? Mwanangu amebaki peke yake mpaka serikali ikamwonea huruma ikamjengea?"

Ifrah aliangalia pembeni akitetemeka mabega kwa kicheko. Salah hakucheka. Alikuwa amevaa shati lake jipya kwa ajili ya siku ile, na Weris alimwonea huruma kutoka moyoni, jinsi alivyosimama na kidole chake bado kimeelekea juu.

"Mambo ya mjini ni mengine, Hooyo," Salah akasema.

"Amana nani ameweka?"

Fundi mmoja alikuwa akigonga chuma ndani ya jengo, na walimsikiliza kana kwamba anahutubia.

Waliporudi nyumbani, Lul akaingizwa ndani kupumzika, Ifrah akaenda dukani, na Salah akabaki uani na Weris, akichezea funguo za lori.

"Wewe unaitaka kwa jina lako?" akauliza, bila kumtazama.

Neno lililomjia Weris lilikuwa lile lile la siku zote: vyovyote, Baba Ifrah. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Alijua pia kwamba akilisema, Salah atashukuru, na kesho atatia sahihi, na halitazungumzwa tena mpaka wazikwe. Akapiga moyo konde.

"Ndiyo," akasema. "Naitaka. Nimeitaka tangu siku niliyotoa kitambulisho chako. Naogopa kutoka na begi kama Saado."

"Mimi ni kama yule wa Saado?"

"Hapana. Lakini naogopa. Nifanyeje?"

Salah alizungusha funguo kidoleni mpaka Weris akaanza kujuta. Kisha akasema kwamba maini ya leo asubuhi yalizidi chumvi, akaondoka kwenda msikitini. Weris hakujua kama hilo ni jibu.

Alhamisi walikwenda ofisini wote wawili. Afisa aliyewapokea alikuwa Mborana mmoja mstaarabu, Wario, mteja wa anjera wa miaka yote, aliyemwamkia Weris kwanza. Akafungua faili, akamsogezea Salah kalamu.

"Mzee, sahihi hapa, na hapa, na hapa."

Salah hakuishika kalamu. Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, lakini alikitoa polepole, kila neno kwa zamu yake. "Ngoja kwanza. Hii nyumba abewe huyu mama. Mimi jina yangu toa."

Wario akamtazama yeye, akamtazama Weris. Akaeleza kwamba inawezekana kabla ya mkataba, kuna fomu ya kuhamishia ombi kwa mke, lakini akaona ni wajibu wake kusema wazi. "Ukitia sahihi hiyo fomu, mzee, nyumba si yako tena. Huna madai. Umeelewa?"

"Nimeelewa fizuri."

"Na wewe utakuwa unaishi wapi, niandike?"

"Kwa bibi yangu," Salah akasema. "Kama baba yangu."

Weris alitia sahihi yake mara saba, na ya saba ilitoka imepinda kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Wario alijifanya anatafuta mhuri.

Walihamia baada ya mwezi mmoja, Jumamosi asubuhi. Hakukuwa na vingi vya kupandisha, na madereva wenzake Salah walivimaliza kwa nusu saa, wakimtania kila ngazi kwamba mwenye nyumba amekuwa mpangaji. Salah akawajibu kwamba mpangaji hulipa kodi, naye hata hiyo hadaiwi. Walipoondoka alivua viatu, akajinyoosha kwenye zulia jipya, akaitisha chai. Weris alikuwa jikoni anafungua na kufunga bomba, anafungua na kufunga.

Lul alifika wa mwisho, kwa magoti yake, ghorofa zote tatu, Ifrah akimshika mkono. Mlangoni akasimama. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ingia, ayeeyo," Ifrah akasema. "Bibi, ingia ukae."

Lul hakujongea.

"Ingia, Hooyo," Salah akasema kutoka kwenye zulia. "Umechoka."

"Wewe nyamaza," Lul akasema, akihema. "Nani kakukaribisha wewe? Namngoja mwenyewe."

Salah akainuka. Akatazama zulia, akamtazama mama yake, kisha akaenda akavaa viatu vyake, akatoka nje ya mlango, akasimama kando ya Lul, mikono mbele. Ifrah naye akarudi nyuma hatua moja. Wote watatu wakangoja pale kwenye ngazi.

Weris alitoka jikoni akifuta mikono. Aliwaona wamesimama nje. Miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa amekaribisha wageni kwa Baba Ifrah.

"Karibuni," akasema. "Karibuni kwangu."