Kaburi la Malafyale Nyuma ya Banda la Video

Mimi ni mama chai wa Mbugani. Meza yangu imeegemea banda la video, wao ndani, mimi nje, katikati yetu bati lenye kutu. Kiingilio sijawahi kulipa na sitalipa. Bati halizuii sauti, na msumari mmoja ulipong'oka uliniachia tundu la kuchungulia nikikaanga maandazi. Ukiongeza mvua ya Kyela, inayowafungia watu humo ndani hata wasiopenda filamu, utaelewa kwa nini nayajua mambo ya anga kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu.

Kwa asiyewahi kuingia banda la namna hiyo, filamu inakuja na lugha ya wenyewe, halafu mtafsiri anakaa mbele na kipaza sauti, anawanyamazisha wenyewe na kuwasemea. Anachoelewa anatafsiri, asichoelewa anatunga. Mtafsiri wetu alikuwa fundi wa kutunga. Mzungu akipiga chafya, yeye anatoa hotuba.

Ndivyo tulivyoipata tamthilia ya Chombo. Ilihusu watu wanaoishi ndani ya chombo kikubwa angani, wanatafuta nyota ya kuhamia baada ya kuiharibu dunia yao. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye upara na sauti ya kutoka tumboni. Jina lake halikuwahi kukaa kichwani mwa mtu, maana siku ya kwanza tu mtafsiri alimpa cheo cha chifu wa Kinyakyusa, Malafyale, na upara ule ukakikubali. Tangu hapo Malafyale akawa wetu. Alikemea vijana wavivu, aliuliza bei ya kokoa, na mara moja, katikati ya vita na viumbe wenye ngozi ya kambale, alilalamika kwamba mchele wa Kyela unachanganywa na wa kwingine. Watu walishangilia mpaka bati likatikisika.

Kila Jumamosi alasiri banda lilijaa. Wanaume wasiojua mtoto wao yuko darasa la ngapi walijua Malafyale alipata wapi kovu la shavuni. Walikuwa na kundi lao la simu, na humo waligombana kuhusu injini za Chombo, wao ambao pampu ya maji ya mtaa iliharibika wakaitazama tu hadi ikaota majani.

Mkubwa wa washabiki wote alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Alitoka Ipyana kwa baiskeli, mvua ije jua liwake, akakaa kiti cha mbele. Kokoa yake aliiacha imeanikwa bila mwangalizi. Harusi ya binti wa jirani yake hakwenda, kisa Chombo kilikuwa kimezingirwa.

Hapa lazima nimtaje mume wangu, maana bila yeye hii ingekuwa hadithi ya wapumbavu tu, na wapumbavu kila mtu anao wake.

Mume wangu alikuwa akinunua vyungu Matema na kuvivusha ziwa hadi Malawi, kwa ndugu wa upande wa mama yake. Safari moja upepo uligeuza mashua. Wenzake walifika ufukweni wameng'ang'ania mbao. Vyungu viwili vilifika vyenyewe, vinaelea, vizima, havina hata ufa. Yeye hakufika. Tulitembea ufukwe ule tukimtafuta mpaka nikaanza kuogopa kumpata.

Nikasema tuweke msiba. Shemeji, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo ule, akakataa.

"Msiba wa nani?" aliniuliza mbele ya watu. "Mwili uko wapi? Sisi hatuziki hewa."

Neno likawa limekwisha. Kwetu mtu akifiwa uwanja unajaa, wanaume wanakaa nje kwenye mikeka, wanawake wanalala na mfiwa ndani, ng'ombe anachinjwa, na hata adui yako anakuja kula wali na kukupa pole. Mimi nililala peke yangu. Halafu midomo ikaanza. Amevuka. Ameoa Karonga, upande wa Malawi. Ana duka huko na watoto mapacha. Miaka ikapita, mke sikuwa, mjane sikuwa. Wanawake wenzangu wakinisalimia mbele ya kanisa waliuliza kwa sauti tamu, "Na baba watoto hajambo huko aliko?" Niliwajibu hajambo. Ningewajibu nini? Chungu kimoja nilikivunja kwa hasira. Cha pili nilikiweka chini ya meza ya chai, na sikuwahi kukipikia kitu.

Basi Jumamosi moja Malafyale akafa.

Alikufa kishujaa, sina la kumkosoa. Kulikuwa na moshi wa sumu, yeye akajifungia nao chumbani ili wengine wapone. Wenzake walimfunga kitambaa cha kijivu, wakamtia kwenye bomba, mtu mmoja akasema maneno mawili, wakabonyeza kitufe. Malafyale akarushwa kwenye giza la anga. Picha iliyofuata walikuwa mezani wanakunywa.

Banda lililipuka.

"Wamemtupa! Wamemtupa kama maganda!"

"Hata kumlaza ndani siku moja? Hata wimbo?"

Mwenye duka la vitambaa, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani, alisimama juu ya benchi. "Hawakumwosha! Na sanda gani ile ya kijivu? Nani aliwauzia?" Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Mfanyabiashara mmoja wa mpakani akampigia binamu yake Malawi, akaweka simu kwenye sauti kubwa ili wote tusikie kwamba huko nako hakukaliki, wanamlaumu daktari wa Chombo.

Kisha wakamgeukia mtafsiri. Si ndiye aliyetamka kwamba Malafyale amekufa? Walimtaka arudishe nyuma atafsiri upya. Na yeye, kwa kuogopa, alirudisha. Safari hii alisema mzee amezimia tu, wanamkimbiza hospitali ya rufaa kwa njia ya bomba. Nusura wamvunje mbavu.

Lilikuwapo pia kundi la wenye akili nyingi, wale waliokaa nyuma. "Hajafa," walisema. "Mmeona kaburi? Asiye na kaburi hajafa." Niliendelea kusukuma unga. Sentensi hiyo niliijua, niliishi nayo nyumba moja.

Ndipo shemeji akasimama. Niliweka jicho kwenye tundu la msumari, nikamwona analia. Sisemi machozi yalimlengalenga, nasema yalimtiririka hadi kwenye kola. Mtu huyu siku niliyorudi kutoka Matema na vyungu viwili alikuwa mkavu kama jiwe la kinu.

"Ndugu zangu," alisema, "haiwezekani. Babu yangu alinifundisha. Mtu akipotea ziwani asionekane, unakata shina la mgomba la kimo chake, unalivika sanda, unalizika, watu wanalia, wananyoa, mambo yanakwisha. Roho yake inatulia. Leo tumwache Malafyale azurure huko juu kama mbwa asiye na kwao?"

"Hapana!" banda lilijibu.

Maandazi yaliungua. Niliyaacha yaungue. Nilihisi chuki ambayo sijawahi kuihisi kwa mtu aliye hai. Kumbe alijua. Miaka yote hiyo alijua kwamba kuna shina la mgomba, kuna sanda, kuna njia, na Kyela nzima ni migomba.

Alitoka akiwa bado anajifuta, akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Shemeji, kesho baada ya kanisa utupikie chai ya msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Malafyale."

"Mwili uko wapi, shemeji?"

"Si ndiyo kazi ya mgomba," alinijibu, na uso wake ulikuwa mweupe, hauna habari. Hakuyasikia maneno yake mwenyewe hata kidogo.

"Ndaga fijo," nikamwambia. Ni asante sana ya Kinyakyusa, na niliimaanisha.

Jumapili alasiri uwanja wa nyuma ya banda ulijaa. Turubai lilifungwa. Mwenye duka alitoa bafta nyeupe, na alisimama pembeni kuhakikisha kila mtu anaona weupe wake. Shimo lilichimbwa, shina la mgomba likaletwa limevikwa vizuri kuliko wengi niliowahi kuwazika. Mtafsiri alisoma wasifu kwa kipaza sauti: marehemu alizaliwa angani, alisoma angani, alipenda haki, ameacha chombo kimoja. Vijana walikuwa wanacheka chinichini, lakini wazee, aibu iliyoje, walikuwa wamevua kofia. Na wanawake walikuja pia, wale wale wa mbele ya kanisa, kutazama ujinga wa waume zao.

Nilikuja na birika mkono mmoja. Nilikuwa nimevaa kitenge cheusi nilichonunua zamani na kukificha sandukuni kwa kukosa ruhusa. Mkono wa pili nilibeba chungu.

Waliposhusha shina, niliweka birika chini, nikashuka magoti kwenye ukingo, nikakilaza chungu juu ya sanda. Halafu nikalia. Nilimwita mume wangu kwa jina la baba yake na la babu yake, nikamwambia vyungu vilifika, wewe kwa nini hukufika, nikamwambia wamesema umeoa.

Vicheko vilikatika. Mtafsiri alizima kipaza sauti, na nadhani ndiyo mara pekee alikizima kwa hiari yake. Kilio cha kweli wanawake wa kwetu wanakitambua hata wakiwa wamekuja kucheka. Mmoja akaitikia, akafuata mwingine, kisha uwanja mzima ukaitika.

Shemeji alikuwa na koleo mkononi. Alikiangalia chungu. Alikuwepo siku nilipokileta, alikijua.

"Wewe ndiye mkubwa wake," nilimwambia. "Anza."

Alichomeka koleo kwenye lundo la udongo. Kisha akatia udongo, polepole, bila kunitazama. Wanaume wakakaa chini ya turubai wakanywa chai yangu. Na wanawake, wale wale, wakabeba mikeka wakahamia kwangu, wakalala nami mpaka siku ya kuanua matanga. Walikula sana. Niliwasamehe nusu.

Ungedhani yameishia hapo. Jumamosi iliyofuata Malafyale akarudi.

Eti chombo kingine kilikuwa kinapita, kikamwokota, hakuwa amekufa sawasawa. Huko ndani walirukaruka, walikumbatiana, wale wenye akili nyingi wa nyuma wakatembea vifua mbele kama waliomfufua wao. Kisha mmoja akakumbuka kaburi. Mtu aliye hai kuwa na kaburi ni mkosi, alisema, lifukuliwe leo leo kabla Malafyale hajapata balaa jingine. Wakatoka na majembe, wanaimba, na shemeji mbele yao kwa mazoea.

Walinikuta nimekaa juu ya udongo.

"Shemeji, tupishe," alisema, uso bado una furaha. "Amefufuka!"

"Hongereni," nikasema. "Wenu amefufuka. Na wangu?"

Waimbaji walipoa mmoja mmoja. Kijana mmoja alijisogeza na jembe lake kama ambaye hakusikia. Shemeji aligeuka, akalishika lile jembe kwa mpini. Furaha ilikuwa imemtoka usoni, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi anavyofanana na mume wangu.

"Rudini ndani," alisema. "Hapa amelala mdogo wangu."

Wakarudi ndani. Mtafsiri akaendelea na Malafyale wake. Shemeji hakuwafuata. Alikuja kukaa kwenye benchi langu, mgongo kwenye bati, akaomba chai.

Nikampa. Sukari sikumtilia.