Msitu Juu ya Meza ya Jirani

Mara ya kwanza nilipomkuta mume wangu amechuchumaa mbele ya meza ya jirani, jicho moja amelifumba, nilidhani mgongo umemshika. Kumbe alikuwa anachunguza kama mtu wa bati, mfupi kuliko kidole gumba, anaweza kumwona mtu mwingine wa bati aliyejificha nyuma ya mti wa waya. Mwanamume mzima, mwenye ndevu na watoto, Jumamosi mchana kweupe! Nilirudi nyumbani nikafua nguo kwa hasira, hata zile zilizokuwa safi.

Tuliishi Handsworth, huko Uingereza, miaka hiyo ya elfu mbili, kwenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa nesi, mume wangu dereva wa basi. Jirani alikuwa mzee kutoka Jamaika, mkewe alikwisha kufariki, naye alikuwa amestaafu kazi ya kuyeyusha vyuma kiwandani. Mume wangu alimwita Mzee tangu siku ya kwanza, na yeye akalipenda neno hilo hata akawa anajiita hivyo akipiga simu.

Sebuleni kwake hapakuwa na kochi. Palikuwa na meza kubwa iliyotandikwa blanketi la kijani, na chini ya blanketi vitabu vimepangwa kuwa vilima. Mto ulikuwa wa gundi iliyokauka, ngome ya vijiti vya aiskrimu. Hiyo ndiyo ilikuwa Amerika ya zamani, kabla haijawa Marekani, pale mashamba ya walowezi yalipoishia na msitu wa wenyeji ulipoanzia.

Neno walowezi lilinichoma. "Yaani tumetoka Kenya tukuje huku kucheza walowezi?" nilimuuliza mume wangu.

"Relax, mama watoto," alisema. "Mzee ndiye ana wale wa ngome. Mimi nacheza wale wa msitu. Na tunawachapa."

Nilianza kwenda kwa Mzee ili nimcheke mume wangu, na nikaishia kumstahi mwenye nyumba. Watu wote wa bati aliwayeyusha na kuwamimina mwenyewe jikoni, kisha akawapaka rangi kwa brashi yenye unywele mmoja au nywele mbili. Hawakuwa jeshi. Walikuwa watu wachache, na kila mmoja alikuwa na tabia yake. Kulikuwa na mama mwenye ndoo asiyekubali kuiacha hata risasi zikilia, na askari mwoga ambaye Mzee alimpenda kuliko mashujaa. Mmoja alikuwa mpelelezi mweusi mwenye bunduki ndefu, na huyo Mzee alimpaka rangi ya ngozi yake mwenyewe. "Sisi weusi tulikuwepo," aliniambia. "Watu watakucheka wakwambie hatukuwepo, lakini tulikuwepo." Alimwita tu Wangu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, watu wakisogezwa kwa zamu na risasi zikiamuliwa kwa dadu, na nyumba hiyo ilikuwa na sheria mbili. Kabla ya kupiga risasi, unachuchumaa, unaweka jicho nyuma ya mtu wako, unatazama kama yeye. Kisha unasema namwona au simwoni, na neno lako linapokewa bila ubishi. Sheria ya pili, aliyeuawa haondolewi mezani. Analazwa pale pale alipoangukia, kichwa kikielekea alikokuwa anakwenda. Mzee alisema hakuna mtu anayekufa huku amesimama bure, kila mmoja huwa anakwenda mahali. Sikuwahi kusikia mchezo wenye heshima namna hiyo, na nilimwambia hivyo.

Mimi ndiye niliyegundua habari ya macho. Mzee alikuwa anageuza kichwa pembeni kama kuku akitafuta punje, na siku moja alimimina chai nje ya kikombe. Nikampeleka hospitali. Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya nuru yake. Walimpa dawa za matone, lakini kilichokwenda kilikuwa kimekwenda. Mwaka uliofuata alikuwa anaona mwanga wa dirisha na vivuli, basi.

Nilidhani meza itakunjwa. Mzee akasema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alisema kwa maneno ya kwao, lakini maana ni hiyo hiyo. Aliwajua watu wake wote kwa kuwapapasa. Alipima mwendo kwa kamba yenye mafundo, akarusha dadu na kusoma vitone kwa ncha ya kidole. Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho ni kuchuchumaa na kutazama. Mume wangu ndiye aliyetazama kwa niaba ya pande zote mbili.

Sasa mume wangu alilelewa vizuri mno. Kwao mzee hashindwi nyumbani kwake. Ukicheza bao na babu unajifanya umekosea kuhesabu kete, babu anashinda, bibi anakuongezea nyama. Nilipoona anarudi kila Jumamosi ameshindwa, nilidhani Mzee amezidi kuwa hodari. Lakini Mzee mwenyewe alikuwa ananyamaza zaidi kila wiki. Alianza kusema pengine awape meza yote vijana wa klabu moja ya michezo kama huo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetania. Niliogopa. Wodini nimeona watu wengi wakianza kugawa vitu vyao namna hiyo.

Jumamosi moja niliwapelekea chai na chapati. Wangu alikuwa katikati ya uwazi, anakimbilia lango la ngome, na watu wa bati wa mume wangu walikuwa kwenye miti na bunduki tayari. Mume wangu akachuchumaa, akatazama, akasimama.

"Simwoni, Mzee. Mti umemkinga."

Mimi nilikuwa nimeinama kuweka sinia ukingoni mwa meza, upande ule ule, macho yangu sawa na ya wale wa bati. Uwazi ulikuwa mweupe pe! Hapakuwa na mti wala kijiti.

"Wewe, baba watoto, si anaonekana huyo!" nilisema kwa Kiswahili. Nikarudia kwa Kiingereza, ili mwenye meza asikie.

Mume wangu alinitazama kama nimemvua shati kanisani. "Mama watoto, please," alinong'ona. "Huyu ni mzee."

"Na wewe unamfanya mtoto!" Nilikuwa na hasira, kwa sababu huruma ya namna hiyo naijua. Ndiyo inayomwambia mgonjwa amekula vizuri wakati sahani imejaa.

Mzee aliupitisha mkono juu ya blanketi. Kisha akamwambia mume wangu, polepole, bila ukali, "Tangu baridi ianze hakuna mtu wangu aliyekufa. Hata yule mwoga. Nikasema, basi kumbe aliyekufa ni mimi."

Mume wangu alikaa chini. Machozi yalimlengalenga, nami pia. Mzee akanigeuzia uso.

"Dada, wewe tazama. Anaonekana?"

Niliweka sinia sakafuni, nikapiga magoti na sare yangu ya kazi, nikafumba jicho moja. Nilimtazama vizuri, na koti lake lenye vifungo, na uso ule uliopakwa kwa upendo. Nilitamani mti uote.

"Anaonekana, Mzee. Mzima mzima."

"Basi piga," akamwambia mume wangu.

Mume wangu alirusha dadu. Hakuzisoma. Mzee alinyoosha kidole, akazigusa moja moja, akatikisa kichwa kukubali. Mume wangu akamlaza Wangu kwenye blanketi taratibu kama anavyolaza mtoto aliyesinzia. Mzee akampapasa, akafuata mgongo hadi kichwa, na kutoka kichwani akanyoosha kidole mbele mpaka kikagusa lango la vijiti.

"Alikuwa karibu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze akacheka. "Haya, kijana. Sasa zamu yangu. Dada, njoo upande huu, nataka kumuua mtu."