Paja la Kuku la Mzaramo

Wiki iliyopita nilikuwa Tabora peke yangu, njiani kwenda Kwihara, nikaingia mgahawani Chemchem kula wali na paja la kuku. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Mama mwenye mgahawa akaniletea sahani mwenyewe, akauliza, "Baba, unatokea wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

Nikaitikia kwa maringo. Akalinyanyua paja sahanini kwa vidole viwili, akaling'ata palepale nilipopanga kuanzia.

"Mama, hilo si langu?"

"Mimi Mnyamwezi, mtani wako. Babu zetu walitembea miezi na mizigo mabegani hadi kwenu pwani, hamkuwapa hata maji. Wewe kula wali."

Na mtani hakasirikiwi. Nikawageukia wateja, nikitafuta wa kunitetea. Mzee wa meza ya pili akatikisa kichwa taratibu: "Mwache ale. Katembea sana."

Niliwahi kukaa Ulaya wiki tatu, nikila peke yangu kila siku. Sahani yangu ilikuwa salama kabisa, wala hakuna aliyetaka kujua natokea wapi. Nilikonda hivyohivyo.

Kesho yake nilirudi Chemchem, nikaagiza mapaja mawili.