Anayekaa Nyuma Ndiye Achague Tairi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nionapo gari dogo limevalishwa magurudumu makubwa. Jana uliponitumia picha ya zile rimu unazotaka kununua, ukaniuliza, "Baba, unazionaje?", sikujibu. Si kwamba ujumbe sikuuona. Niliuona, nikaweka simu kando, maana nilimkumbuka babu yako. Sasa tulia nikujibu kwa urefu. Uzee una ruhusa hiyo.

Wakati ule nilikuwa seremala pale Keko, kijana mwenye mkono mzuri na kichwa kikubwa. Nilikuwa nimenunua gari langu la kwanza, kigari cha milango minne, rimu zake za chuma za inchi kumi na nne. Abiria wake mie, mama yako, wewe ukiwa hujatimiza miaka mitatu, na babu yako, aliyekuwa akiishi Ukonga kwa shangazi yako. Kila Jumapili nilimfuata, tukaenda kusali Temeke. Kule ndiko walikokutana wazee wenzake wa Songea. Misa ikiisha walisimama uani wakaongea Kingoni mpaka jua likawa kali. Kwa mzee aliyefiwa na mkewe, saa ile moja ndiyo iliyokuwa wiki yake nzima.

Babu yako alikuwa mtu wa mwili. Alikaa nyuma, wewe mapajani, akitusimulia alivyokuja Dar mara ya kwanza juu ya lori la mahindi. Alisimulia kwa vipande, kila Jumapili kimoja. Gari likisimama naye anakata, hata kama lori lenyewe limekwama kwenye tope. "Tutaendelea," anasema, anashuka zake.

Basi matairi yakaisha, yakawa kipara. Nikaenda kwa fundi mmoja wa matairi, mtu mzima tuliyemwita Mzee Mponda. Alikuwa nayo mapya ya kipimo kile kile cha gari langu. Lakini jicho langu lilikuwa ukutani, zilipotundikwa rimu za spoti za inchi kumi na saba, zinang'aa kama sufuria mpya, na matairi yake mapana yenye ubavu mwembamba.

"Hii gari yako inabeba nani?" Mzee Mponda akaniuliza.

"Inanibeba mie, mzee wangu," nikamjibu, na watu waliokuwapo wakacheka.

Akachukua jeki yake, akanifungia nilichotaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mie guu langu lilibaki zima. Nilichovunja ni kingine.

Wiki ile Keko yote ilinijua. Nilipita mbele ya karakana za wenzangu mwendo wa bibi harusi, wakanipigia miluzi, nami nikajiona mtu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na seremala ndiye alipaswa kuujua msemo huo kuliko wengine!

Jumapili ikafika. Babu yako akapanda nyuma, gari likalala, na tulipoingia kwenye bonde la mtaa wa shangazi yako, matairi yakaanza kukwangua madigadi, yale mabati yaliyo juu yake. Nilisikia uchungu kana kwamba inachunwa ngozi yangu. Nikasimama, nikamwambia, "Baba, samahani, shuka kidogo nivuke hapa."

Akashuka. Mama yako akanitazama. Mzee wa miaka sabini, amevaa suti yake ya Kaunda na viatu alivyovipiga rangi tangu jana yake, akatembea kwenye vumbi la gari la mwanawe. Nikamsubiri mbele. Alipofika hakupanda mara moja. Alitoa leso akapangusa viatu, kimoja kimoja, asinichafulie gari. Siku ile alishuka mara tatu. Hadithi hakusimulia.

Jumapili ya tatu nikamkuta amekaa barazani na kandambili. "Nendeni tu, mwanangu," akasema. "Kuna kanisa hapa jirani, ni hatua chache. Msihangaike na mie."

Nasema kweli, nilishusha pumzi. Hata sikumwomba mara ya pili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Ikapita miezi miwili. Siku moja baada ya misa, mmoja wa wale wazee wa Songea akanisogelea. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Baba hajambo? Tulikutana naye msibani juzi, akatwambia haji kusali huku kwa kuwa gari yako imeharibika."

Kisha akaliona gari, limesimama pale pale linang'aa. Akalitazama, akayatazama na magurudumu, akatikisa kichwa.

"Kweli bwana," akasema. "Imeharibika."

Mwanangu, afadhali angenizaba kofi. Baba yangu alikuwa amenisitiri mbele ya wenzake, na mie nilikuwa nimemwacha barazani. Kesho yake asubuhi nikarudi kwa Mzee Mponda, nikamwomba anirudishie rimu zangu za chuma na kunifungia matairi ya kipimo cha gari. Alinifungia bila kunisimanga hata kwa neno moja.

Jumapili nikawahi Ukonga kabla ya saa moja. Nikamkuta shangazi yako anakunja shuka za kitanda cha babu yako. Mzee alikuwa amepanda basi la Songea tangu Alhamisi. "Amesema amechoka na mji," akaniambia. "Na wewe amekataza usisumbuliwe."

Nilimfuata huko, mara mbili. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema yamekwisha. Nikamwambia, basi nimalizie ile hadithi ya lori. "Ile ni ya garini," akanijibu. "Nikija Dar tutaimaliza tukienda kusali." Hakuja tena. Mwaka uliofuata tulimzika. Mpaka leo nikiendesha njia ile, macho yangu hukimbilia kioo cha ndani, namtafuta nyuma. Namtamani baba yangu, mwanangu, mtu mzima mie na mvi zangu. Magurudumu niliyarudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa jibu lako. Kabla hujanunua, soma kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Waliounda gari si wajinga. Uliza tairi limetengenezwa lini, maana weusi wa kupakwa hudanganya, na tairi huzeeka hata likiwa limelala dukani. Kisha waketishe wote utakaowabeba, mkeo, wanao, na mizigo ya sokoni, ndipo uangalie nafasi iliyobaki juu ya tairi. Anayelitazama gari lako njiani hulitazama dakika moja tu. Lifunge kwa ajili ya walio ndani. Na mzee akikwambia "nendeni tu", usimwamini. Zima gari, ushuke, umwombe tena na tena.

Mie mwili wa babu yako nimeurithi wote, na Jumapili ninayo nafasi. Njoo unichukue. Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe safari ndefu na watu wa kusafiri nao, wala asikuonyeshe kiti cha nyuma kitupu.