Wageni Waliambiwa Mama Hana Maumivu

Admin, nifichie jina, maana kakangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeachika, naishi Mitaboni na mama. Mama ana kansa ya mlango wa kizazi. Hospitali ilituambia haiwezi tena, turudi naye nyumbani, tukapewa nesi wa kumtembelea kila wiki. Nesi ndiye anamsafisha, anaangalia maumivu yamefika wapi na kumwongezea mofini. Bila yeye mimi sina uwezo wowote.

Majuzi tukaambiwa kuna wageni wanakuja kukagua kama hiyo huduma inawasaidia wagonjwa. Kakangu mkubwa, mzee wa kanisa, akaleta kuku. Huyo hajawahi kumlisha mama hata kijiko cha uji, lakini siku hiyo aliamrisha nyumba nzima! Mama alikuwa analia tangu asubuhi. Tukamvisha rinda la kanisa, tukamkalisha kwenye kochi. Nilisema kukaa kunamuumiza, kaka akanijibu, "Wageni hawapokelewi na mtu amelala."

Mgeni mmoja, mama mpole, akamuuliza maumivu yako aje. Kaka akadakia, "Hapa hakuna shida, daktari. Mungu ametenda, hata dawa hahitaji sana." Nikafungua mdomo nikatae. Mama akanikata jicho, akamwambia mgeni, "Niko sawa. Kunyweni chai." Wakala, wakashukuru, wakaenda.

Wiki iliyofuata nesi hakuja. Nikampigia, akaniambia, "Dada, ofisini tumeambiwa mama ameimarika, nimepewa wagonjwa wengine walio na hali mbaya. Nitakuja mwisho wa mwezi." Nikamweleza ukweli. Akasema, "Basi mpigie yule mama aliyekuja, umwambie mlimdanganya. Akikubali nitarudishwa kwenu mara moja."

Mwisho wa mwezi! Mofini imebaki kidogo, mama anauma shuka asisikike na majirani. Nilimwomba kaka apige hiyo simu, akafoka, "Unataka nionekane mwongo? Watu waseme tumeshindwa kutunza mama yetu?" "Tumeshindwa," wewe na nani? Wewe umefua shuka gani? Nina hasira sana. Mtu anakufa, na bado analazimishwa kuwa na adabu kwa wageni!

Jana nikamwambia mama, "Mwaitu, mimi nitapiga simu mwenyewe." Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Usimwaibishe kaka yako," akasema. "Yeye ndiye atanizika."

Sawa, atamzika. Lakini leo bado yuko hai, na anayemsikia akilia ni mimi. Nambari ya yule mgeni ninayo. Nikipiga, nimemkaidi mama akiwa katika siku zake za mwisho, na kaka hatanisamehe. Nisipopiga, mama ataondoka akiteseka ilhali dawa ipo. Nyinyi mliouguza wazazi wenu nyumbani, nishaurini bila kunionea haya: nipige?