Bi Sahihi na Tishari la Kobe

Pale bandarini walimwita Bi Sahihi, maana kila meli ikitia nanga, yeye ndiye aliyeitilia saini: maji, makuli, winchi, matishari, yale mashua mapana ya kushushia mizigo. Meli za watu, bidhaa za watu, saini yake. Mumewe hakuacha kumtania, "Mke wangu, ipo siku utatia saini hata sufuria ya jirani."

Uwakala aliuanza mwanawe wa mwisho akiwa bado mgongoni, na jina lake halikuwahi kuchafuka. Siku moja akaja muuza pampu za visima, mtu mpole mwenye koti lililopauka mabegani, akaomba akodiwe tishari la kushushia mashine zake.

"Kodi la yule wanayemwita Kobe," alisema. "Ila mama, usinitaje. Ni kaka yangu. Tangu tumzike baba hatusemezani. Akisikia ni mimi, atakataa."

Bi Sahihi aliona haya kuuliza zaidi. Akakodi kwa jina lake mwenyewe, kana kwamba mzigo ni wake. Kobe, ambaye tishari lake lilitambaa kuliko yote bandarini, akampa mkono kwa furaha.

Mambo yaliharibika gatini. Vibarua wa muuza pampu hawakuufunga mzigo sawasawa. Wimbi la meli iliyopita likalitikisa tishari, kasha la chuma likateleza na kutoboa ubavu. Watu waliruka salama, mashine zikaokolewa, lakini tishari lilizama, likakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia.

Kobe alifika ofisini nguo zikichuruzika. "Dada, niliyepatana naye ni wewe. Utanitengenezea wewe."

"Mzigo si wangu, kaka."

"Wa nani basi?"

Bi Sahihi akamwomba ampe siku chache. Alimpigia muuza pampu, simu haikupatikana. Alikuwa mbali vijijini akifunga pampu visimani. Bi Sahihi akamwendea mwanasheria, mtoto wa kaka yake mwenyewe, naye hakumficha kitu.

"Shangazi, ulisaini kama mwenyewe, kwa hiyo unabanwa. Aliyekutuma naye anabanwa, hata kama alijificha, maana kazi alikuagiza yeye. Kobe akimjua, atachagua wa kumshika. Mtaje tu, yaishe."

"Nilimpa neno langu, mwanangu. Ngoja kwanza nimsikie."

 Siku chache baadaye akakutana na Kobe kwa mwanasheria. Kobe alikuwa amekunja mikono kifuani, Bi Sahihi akitafuta pa kuanzia, mara mlango ukagongwa. Akaingia muuza pampu, vumbi mpaka kwenye kope. Habari zilikuwa zimemfikia huko huko visimani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Kobe aliitikia kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba hawasemezani.

"Mzigo ni wangu. Mama huyu nilimtuma mimi, tena nikamkataza kunitaja. Nishike mimi."

Kobe alikunjua mikono. "Ungeniambia, ningekukatalia."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Mwanasheria akakohoa. "Mzee, uamuzi ni wako. Ila ukishamchagua mmoja, usimgeukie mwingine."

"Dada aende zake," Kobe alisema. "Nimemshika huyu. Na fundi wa kukodi simtaki. Yeye atashika bati, mimi nitachomea, mpaka tishari lielee."

Bi Sahihi alitaka kushukuru, machozi yakamtangulia. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Hakuna aliyemjua. Angekaa kimya huko, nani angemfuata? Amekuja kwa miguu yake." Mumewe, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, safari hii alimshika mkono tu.

Tangu hapo Bi Sahihi hakukodi chombo bila kumtaja mwenye kazi. Baadhi ya wateja walimkimbia, naye akawaombea heri. Tishari lilipovutwa ufukweni, alienda mchana mmoja na birika la chai, akawakuta ndugu wawili wamelala chali chini yake wakizozana.

"Inua upande wako!"

"Nimeinua, wewe huoni!"

Akawamiminia, akaketi kwenye gogo kuwasikiliza, moyo mweupe.