Muhuri Uliogongwa Kabla Sijaapa

Nilimnyang'anya mgeni sahani akiwa na tonge mkononi. Najua hilo linavyosikika kwa mtu aliyelelewa Tanga, kwa hiyo naliandika mwanzo kabisa, anayetaka kunilaani aanze mapema. Ulikuwa wali wa nazi na kuku. Niliibeba ile sahani mpaka jikoni, nikaiweka juu ya jiko, nikarudi sebuleni nikamwambia:

"Sasa nisomee."

Mume wangu alisimama. Yule bwana alibaki na tonge lake hewani, hajui alimeze au alirudishe wapi.

"Shemeji," akasema, "kuna nini tena?"

"Nisomee hii karatasi niliyoapa jana mbele yako."

Jana yake sikuwa nimeapa chochote. Jana yake nilikuwa kliniki na mtoto wangu wa miezi saba, nimesubiri sindano kuanzia asubuhi, nimerudi kwa basi, lifti mbovu, nikapanda ngazi na mtoto mgongoni na kigari chake mkononi mpaka ghorofa ya kumi na moja. Lakini karatasi iliyokuwa mezani, kando ya bakuli la kuku, ilisema nimefika mbele ya huyu bwana, nimesomewa, nimeelewa, nimeapa. Muhuri ulishagongwa. Sahihi yake ilishawekwa. Tarehe: jana. Kilichokosekana kilikuwa jina langu tu, kama vile mimi ndiye kiambatanisho.

Nieleze huyu mtu alikuwa nani. Tulikuwa Toronto, miaka ya tisini, tukipanga mtaa wa Jane na Finch, na tulikuwa tunanunua nyumba. Si jumba. Ni kanyumba kamoja kati ya vijumba vilivyoungana ukuta kwa ukuta, lakini mlango wake ulifunguka chini, kwenye ardhi, na mimi kwa mlango huo ningeuza figo. Mkopo ulishakubaliwa. Wakili aliyeshika mambo yetu alikuwa na ofisi mjini, na kazi ya kwenda majumbani kushuhudia watu wakiapa na kusaini alimpa huyu bwana, mwenye suti, begi gumu na muhuri wa serikali. Alipewa sisi kwa sababu anazungumza Kiswahili. Kila nikikumbuka sababu hiyo nacheka vibaya.

Mara ya kwanza alipiga simu akasema, "Nakuja mchana." Mchana! Akafika saa kumi na moja. Hakuomba radhi, alitoa kicheko: "Si mnajua saa zetu Waafrika." Kisha zikaanza salamu. Wazee hawajambo? Tanga mvua zimenyesha? Pale ndipo nilipofanya kosa langu, na ni kosa la watu wetu, Mzungu halifanyi: nilimpikia. Nilimwekea pilau. Sasa mtu akishakula kwako si mfanyakazi tena, ni mgeni, na mgeni humwulizi kilichomleta. Unangoja aseme mwenyewe. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko sheria. Alikula mpaka akalegeza mkanda, ndipo akaomba vitambulisho, na nilipompa kadi yangu ya matibabu akaitazama kama nimempa tiketi ya basi.

"Pasipoti iko wapi?"

"Imekwenda ubalozini kubadilishwa. Hukusema utaitaka."

"Shemeji, hilo kila mtu analijua."

Akaondoka bila kazi, na bakuli la pilau chini ya kwapa.

Mara ya pili pasipoti ilikuwepo. Mara ya pili alizigeuza karatasi zote zimtazame mume wangu, mimi nikawa nazisoma kichwa chini miguu juu. Kidole chake kikawa kinaruka: "Hapa. Hapa. Na hapa." Nikauliza, "Hii inasema nini?"

"Ya kawaida tu, shemeji."

"Kawaida gani?"

Mume wangu akacheka kwa aibu. "Msamehe, kaka. Mke wangu amesoma mpaka fomu foo, anapenda maswali."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu mgeni aliitaka yenye tangawizi, na nikiwa jikoni wakamaliza. Siku chache baadaye mwanamke wa ofisi ya wakili akanipigia. Ukurasa mmoja haukuwa na sahihi yangu, tena ndio ukurasa wangu mimi, wa mke. Akaniuliza polepole, kwa Kiingereza cha mtu anayetaka kueleweka: je, yule bwana alikuelezea unachokubali? Nikasema hapana. Akasema ukurasa huo lazima ufike Ijumaa, la sivyo mwenye nyumba yuko huru kumuuzia mwingine.

Na fleti yetu pale Jane na Finch tulishaandika barua ya kuihama. Familia nyingine ilishapewa. Ijumaa ikipita bila karatasi, sisi tungekuwa watu watatu na mafurushi.

Rafiki yangu mmoja wa kanisani, Mkongo, alikuwa anamtunza bibi mmoja tajiri kule Unionville. Nilipomsimulia akaguna. "Huyo wako? Kwa bibi yangu anakuja huyo huyo, na kule ni *monsieur*, bwana mkubwa, anafika dakika kumi kabla. Anakaa ndani ya gari, anasubiri saa itimie. Maji tu akipewa anakataa." Kwa hiyo saa alikuwa nayo. Alikuwa anaiacha kwenye gari akipanda kwetu.

Ndiyo ikaja ile mara ya tatu, Jumanne, ya sahani.

"Muhuri niligonga nyumbani kurahisisha kazi," alisema, akijifuta vidole. "Sisi si watu wa nyumbani, shemeji? Mumeo ameshaelewa."

"Mume wangu ataapa kwa ulimi wangu?"

"Mama," mume wangu akaingilia, "huyu ni mgeni."

"Mgeni siku mbili. Leo ya tatu."

Akaisoma basi. Aliisoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa, Kiingereza chote pumzi moja. Nikaweka kidole kwenye ibara ya pili. "Hii maana yake nini?" Akasema maana yake mnakubaliana. Tunakubaliana nini? Mnakubaliana na mambo ya nyumba. Mtu wa muhuri wa serikali! Nikaivuta nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha fomu foo ambacho kiliwachekesha. Ilisema mkopo ukishindikana na nyumba ikichukuliwa, mimi sitasimama mlangoni nikidai kwamba ni makazi yangu. Na kwamba nimelikubali hilo kwa hiari, baada ya kuelezwa.

Ningeikubali. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeambiwa hivyo kwa sentensi mbili, kavu, ningesaini siku ya kwanza kabla pilau haijapoa.

Nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye mfuko wa nepi.

"Irudishe hiyo," akasema, na sauti ya shemeji ikawa imekwisha. "Mtaikosa nyumba kwa ajili ya mdomo."

"Toka."

Alitoka. Bakuli hakupewa.

Usiku huo mume wangu alilala uso ukutani. Asubuhi nikapiga simu ofisi ya wakili, nikasema nataka mtu mwingine na sijali anazungumza lugha gani. Alhamisi akaja mama mmoja wa makamo, buti zimelowa theluji. Alipiga simu alipoanza safari, akapiga tena akiwa chini ya jengo. Nilipomkaribisha chai akasema, "Nikimaliza." Akamwomba mume wangu ampeleke mtoto chumbani na afunge mlango. Mume wangu alinitazama kama tumevamiwa, lakini alikwenda. Mama yule akatoa karatasi mpya, akaigeuza inielekee mimi.

"Kuna mtu anakulazimisha?"

"Hapana."

"Niambie kwa maneno yako, hii inasema nini."

Nikamwambia. Akanirekebisha mahali pamoja, akangoja niseme tena. Akaniambia niinue mkono, nikaapa, nikasaini, naye akasaini. Muhuri ulitoka kwenye begi mwisho kabisa. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile tuliyokuwa tumeketi. Kisha akanywa chai yake amesimama, akasifu meno mawili ya mtoto, akaenda zake. Hakuuliza natoka wapi. Dakika thelathini na tano.

Ijumaa jioni tulipewa funguo. Watu wakaja kutupongeza, na nyuma ya pongezi nikayasikia: ndiye huyu aliyemnyang'anya mtu mzima chakula. Nikayameza. Ningeendelea kuyameza, kwa sababu nyumba ninayo, mlango unafunguka chini. Lakini wiki ya pili yule bwana alimpigia mume wangu kazini, kiwandani, wakamwita kutoka kwenye mashine. Ujumbe wake mume wangu aliuleta nyumbani kama ulivyo, bila haya: "Mwambie shemeji arudishe ile karatasi, tuyamalize kiutu uzima."

Kumbe aliijua thamani yake. Kumbe kusoma anajua.

Nilikaa kwenye meza hiyo hiyo, mtoto mapajani, kamusi kando, nikaandika. Mume wangu alisema, "Unamharibia mtu riziki." Nikamwambia anishikie mtoto. Barua nilituma kwenye ofisi ya serikali iliyompa muhuri. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Nalalamika rasmi dhidi ya mtu mliyempa mamlaka ya kushuhudia viapo. Alikuja kwangu mara tatu kwa kazi moja. Hakusema anataka vitambulisho gani. Nilipouliza karatasi inasema nini, alijibu kwamba mume wangu anaelewa. Aligonga muhuri na kusaini kwamba nimeapa mbele yake siku ambayo hakuniona. Siku hiyo nilikuwa kliniki na mtoto, na kadi ya sindano ina tarehe. Tumepishana kuhusu chakula pia, na hilo silalamikii. Naomba aulizwe ni wake wangapi wengine wameapa wakiwa hawapo. Nakala ya karatasi imeambatanishwa. Yenyewe nimebaki nayo. Akiihitaji mtu wa ofisi yenu, aje kwa saa atakayonitajia, na atamsomea kila aliyemo humu ndani, kwa jina lake, kabla ya kutoa kalamu. Chai atapewa akimaliza."